Krismasi ya Uchaggani imegeuzwa kikao cha michango, na mama zetu ndio wanaoumia

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni mtu wa Rombo, Kilimanjaro, naishi Kimara hapa Dar, kazi yangu ni fundi wa aluminiamu. Naandika nikiwa na hasira ya tangu juzi, kwa hiyo mnivumilie.

Juzi kwenye grupu la ukoo kumewekwa tangazo. Krismasi mwaka huu kila kaya laki tatu. Sare ya kitenge elfu sabini mtu mzima, elfu arobaini mtoto, mwisho wa kulipa tarehe 10. Chini yake orodha ya majina, waliolipa wamewekewa tiki ya kijani. Mimi nina mke na watoto watatu. Hiyo ni laki tano na sitini kabla sijagusa nauli, na Januari mkubwa wangu anaingia kidato cha kwanza. Nikauliza kwa adabu kabisa kama sare ni lazima. Kaka mmoja akanijibu mbele ya watu themanini: "Asiyeweza abaki Dar, asituharibie mpangilio."

Abaki Dar! Kwani kule nakwenda kwa nani, kwake au kwa mama yangu?

Mtu asinielewe vibaya. Krismasi ya nyumbani naipenda kuliko sikukuu yoyote. Treni ya Dar kwenda Moshi iliporudi Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka ishirini reli kulala, nilishangilia kama mtoto, maana nilijua sasa hata mtu wa kipato changu ana njia ya kufika bila kunyanyaswa na walanguzi wa tiketi stendi. Nimeshapanda basi nikakaa kwenye ndoo katikati ya viti, Chalinze, Segera, Mombo, Same, miguu imekufa ganzi, lakini tukifika Himo na gari likikata kupanda kuelekea Marangu na Mwika, ule ubaridi ukiingia dirishani na harufu ya moshi wa kuni, uchovu wote unaisha. Ndiyo maana naumia. Ningekuwa siipendi, ningenyamaza zangu.

Marehemu baba alikuwa mkulima wa kahawa, akiuza kupitia chama cha msingi, enzi zile KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ndiyo KNCU kweli. Malipo yakichelewa, nguo za Krismasi zinachelewa, na hakuna mtoto aliyechekwa, kwa sababu kijiji kizima kilichelewa pamoja. Mbuzi alichinjwa mmoja kwa nyumba tatu. Kila kiungo kilikuwa na mwenyewe kufuatana na nafasi yako kwenye ukoo. Nyumbani kwetu nyama ya mgongo ilikuwa ya mama na hakuna aliyethubutu kuigusa, awe na hela asiwe nazo. Kisusio, ile supu ya damu na nyama, kilinywewa bakuli moja likizunguka. Mzee alionja mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwanza, kata ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa yule shangazi asiye na mtoto wala ng'ombe. Hakuna aliyeulizwa ametoa nini.

Sasa niwaambie ya mwaka juzi, ambayo sijawahi kumwambia mtu zaidi ya mke wangu.

Nilikwenda na familia yote. Usiku wa mkesha tukasali, padri akasoma habari za mtoto aliyelazwa horini kwa sababu wazazi wake walikosa nafasi nyumba ya wageni. Kanisa lilijaa mpaka nje, watu wameshikana na watoto, nikatokwa na machozi kwa furaha. Kesho yake saa nane mchana chini ya turubai, pale pale kwenye kihamba cha baba, yaani shamba la nyumbani, hatua chache kutoka kwenye kaburi lake, kaka akashika maikrofoni akaanza kusoma michango. Fulani milioni moja, makofi. Fulani laki tano, makofi. Akafika kwangu: "Huyu bado." Akapita. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa amekaa pajani kwangu. Hakusema kitu, alinigeukia tu akaniangalia usoni.

Kisha picha ya ukoo. Mpiga picha wa kukodi kapanga watu, mama katikati kwenye kiti, amependeza kwenye kile kitenge. Mama akaniita kwa mkono nije nisimame nyuma yake. Nikaenda. Kabla sijafika, sauti ikatoka: "Wasio na sare wasubiri, hao watapiga yao baadaye." Mama akanyanyuka nusu kwenye kiti, akaambiwa akae, mwanga unapotea. Akakaa. Hiyo ya baadaye haikupigwa. Picha ile imewekwa fremu, inaning'inia sebuleni kwa mama. Ana watoto saba, kwenye picha wapo watano. Mimi nilikuwa jikoni kwenye moshi nikigeuza ndizi, na dada yangu mdogo, ambaye naye hakuwa na sare, alikuwa anaosha vyombo.

Mwaka jana sikwenda. Nilidanganya nina kazi ya madirisha ya mtu Bagamoyo. Mama alisema "haya mwanangu, Mungu akusaidie kazi yako", na sauti yake naisikia mpaka leo.

Najua watakaokuja hapa kuniambia ni wivu. Sina wivu. Wenye uwezo ndio waliotuvutia maji, ndio waliojenga choo cha mama, nawashukuru na nitaendelea kuwashukuru. Mchango wa kutibu mtu au wa kusomesha yatima nikipata taarifa nakopa natoa. Ninachokataa ni kulipa ili nikae karibu na mama yangu. Na wale wa kusema Krismasi yenyewe haimo kwenye Biblia, tarehe 25 imetoka wapi, tafadhali fungueni uzi wenu. Mimi sijagombana na tarehe.

Pia najua hatuko wachache. Hapa Kimara peke yake nawajua vijana wanne wa Kibosho na Machame ambao Desemba wanazima simu. Mmoja hajapanda nyumbani tangu 2018. Watu wanadhani kaharibikiwa na mji. Kijana hana kitu cha kusomewa kwenye maikrofoni, basi. Wazee wa koo mnaosoma humu, mnawaona hao wasiokuja? Mnajua kwa nini mama zao wanakaa kizingitini jioni ya tarehe 24 kila gari likipunguza mwendo barabarani?

Kwetu mtu akikukosea sana, akikuletea jani la mmea wa sale kuomba radhi, huwezi kumkatalia. Mimi nasubiri hilo jani. Likija leo, nasamehe leo na picha ile nasahau.

Mama amepiga jana usiku. Hayumo kwenye grupu, hajui lolote kuhusu hizo tiki za kijani. Ameniuliza aloweke ulezi kiasi gani wa mbege, maana anataka kujua mwaka huu tutakuwa wangapi. Nimemwambia nitampigia.

Sijampigia mpaka sasa.