Tupeane uzoefu: ushabiki unaoujua kwa kusimuliwa tu

Ndugu wanachama, nawaomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo naamini wengi tunalo bila kulitaja: kuujua ushabiki wa mtu mwingine kwa undani, ilhali kile kinachoshabikiwa hujawahi kukitazama wala kukisikiliza.

Naanza mimi. Ninafanya kazi ya uhasibu Dar es Salaam, na dada ninayekaa naye meza moja ni shabiki wa BTS, kundi la waimbaji saba wa Korea Kusini. Sijawahi kusikiliza wimbo wao hata mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, najua kwamba walijitokeza rasmi tarehe 13 Juni 2013, kwamba mashabiki wao huitwa ARMY, na kwamba zambarau imekuwa rangi yao tangu mwaka 2016, pale mmoja wao aitwaye V alipowaambia mashabiki kuwa hiyo ndiyo rangi ya mwisho ya upinde wa mvua, na hivyo ni ishara ya kuaminiana na kupendana kwa muda mrefu. Jin, aliye mkubwa wao kwa umri, alipoingia jeshini Desemba 2022 kutimiza wajibu walionao vijana wa kiume wa nchi ile, mezani kwetu palikuwa na msiba mdogo. Na Suga alipomaliza utumishi wake Juni 2025, akiwa wa mwisho, ofisi nzima tuliletewa maandazi.

Nionavyo, maarifa ya namna hii hayafuati mpangilio wa jambo lenyewe, bali mpangilio wa moyo wa anayesimulia. Ninaweza kukutajia majina yote saba pamoja na huzuni na furaha zilizowapata, lakini ukinisikilizisha sauti zao sitajua ipi ni ya nani. Tafadhali msiende kwanza kutafuta mtandaoni. Andikeni mlivyosimuliwa, na mtueleze msimulizi wenu ni mtu wa namna gani.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Mimi ni kinyozi, na mpira sitazami. Ila kiti changu kimekaliwa na mashabiki wa Arsenal kwa miaka mingi kiasi kwamba msimu wa 2003/04 naujua kama niliyekuwepo: mechi 38 za ligi, ushindi 26, sare 12, kufungwa hakuna. Najua pia kwamba mfululizo ule wa kutofungwa ulifika mechi 49 na kukatikia uwanja wa Old Trafford tarehe 24 Oktoba 2004, Manchester United waliposhinda kwa mabao 2-0, na kwamba bao la kwanza lilitokana na penalti ambayo hadi leo inaweza kumfanya mtu mzima ageuke ghafla wembe ukiwa shingoni. Kwa wa Arsenal, Rooney wa Manchester alijiangusha; kwa wa Manchester, Sol Campbell wa Arsenal alimwangusha. Penalti hiyo sijaiona wala sitaki kuiona, kwa sababu nikishaiona nitalazimika kuwa na upande, na kinyozi mwenye upande hupoteza nusu ya wateja wake. Nyongeza kwa vijana wanaoanza kazi hii: yale mabao 8-2 ambayo Arsenal walifungwa na Manchester United Agosti 2011 hayatajwi mpaka mteja awe ameshalipa.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Kwangu ni mieleka ya Marekani. Rafiki yangu wa bweni hakuwahi kunifundisha kanuni hata moja, lakini Aprili 2014 alinieleza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kwamba Undertaker, ambaye hakuwa ameshindwa katika pambano hata moja kati ya 21 za WrestleMania, onyesho kubwa la mieleka la kila mwaka, ameshindwa na Brock Lesnar. Nilimpa pole. Nilipomuuliza kama si kweli kwamba matokeo yale hupangwa, alijibu kuwa hilo ndilo lililomuuma zaidi: kuna mtu alikaa akaamua.

Mchangiaji kutoka Toronto

Nilipokuja kusoma huku nilipanga chumba na kijana ambaye wazazi wake walimlea na filamu za Star Wars. Kabla sijaona hata moja nilikuwa nimeshachorewa ukoo mzima, nimeshajua kwamba Darth Vader, yule mwovu, ni baba yake shujaa Luke, jambo ambalo watazamaji wa mwaka 1980 walilipata kwa mshtuko mkubwa, na nimeshaelezwa kwa nini filamu iliyotoka mwaka 1977 huhesabiwa ya nne ilhali ile ya 1999 huhesabiwa ya kwanza.

Lakini kilichonivutia zaidi ni ugomvi wao. Katika filamu ile ya 1977, Han Solo amekaa kilabuni mbele ya mtu aliyetumwa kumkamata, anaitwa Greedo, naye Han anampiga risasi chini ya meza. Filamu iliporudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 1997, tukio lilikuwa limebadilishwa: Greedo ndiye anayetangulia kupiga, na kumkosa, ingawa wamekaa karibu kiasi cha kupeana mkono. Mwenzangu aliweza kuizungumzia risasi hiyo jioni nzima. Alisema mtu anayetangulia kupiga ni mhuni ambaye baadaye anabadilika, lakini anayejihami tu hana pa kubadilikia, kwa hiyo mwenye filamu ameiharibu safari yote ya huyo mtu kwa sababu ya sekunde moja. Hoja hiyo niliielewa na kuikubali kabla sijamjua Han Solo kwa sura. Siku nilipokuja kuitazama filamu yenyewe, tukio lilipita upesi sana, na nakiri kwamba niliona simulizi ya mwenzangu ilikuwa bora kuliko filamu.

Mwanzisha mada

Nashukuru, ndugu wa Toronto. Dada wa ofisini kwetu amekusoma na ametangaza kwamba sasa sina ruhusa ya kusikiliza wimbo wowote bila yeye kuwepo.

Mchangiaji kutoka Kigoma

Msimulizi wangu ni rafiki yangu fundi simu, na husimulia huku mikono ikiwa kazini. Hadithi yake ni One Piece, hadithi ya picha za kuchorwa ambayo Eiichiro Oda alianza kuichapisha Japani Julai 1997 na bado anaendelea kuichora. Namjua Luffy, aliyekula tunda likaufanya mwili wake uvutike kama mpira na likamwondolea uwezo wa kuogelea, naye anataka kuwa mfalme wa maharamia. Namjua Shanks, aliyepoteza mkono akimwokoa, na Zoro mwenye panga tatu ambaye hupotea njia hata akielekezwa. Fundi huruka mapambano anayoyaona marefu mno na kuyarudia anayoyapenda, kwa hiyo kifo cha Ace, ndugu wa kiapo wa Luffy, nimeshakisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia baadhi ya misiba ya ukoo wetu, huku kuna visiwa vizima ambavyo sivijui kabisa kwa sababu yeye havikumpendeza.

Sasa fundi amesafiri kwenda kijijini kwao, ambako mtandao ni wa shida, na ameniachia hadithi ikiwa Elbaph, kwenye nchi ya majitu. Kama yupo mwanachama anayefuatilia, naomba aendeleze kuanzia hapo. Asinitumie picha wala kiungo, anisimulie.