Naomba ushauri: niweke miwani ya VR kwenye banda langu la PS au ni nguvu ya soda?

Mtoto wa Rangi Tatu: Habari za jioni wakuu. Nina banda la PS huku Mbagala, TV nne, wateja wengi ni madereva wa bodaboda na wanafunzi wikiendi. Shemeji yangu anakuja likizo kutoka Marekani, kasema anaweza kuniletea Meta Quest 3S, miwani ya VR inayofunika macho ukajiona uko ndani ya gemu. Ilitoka 2024 kwa dola 299, kwa hela yetu kama laki nane hivi. Haya madude yatakuja kuzoeleka kama simu janja, au mwakani hakuna atakayeyaulizia?

Mzee wa Soketi: Majumbani sahau, mkuu. Nintendo walitoa Virtual Boy, mashine ya gemu ya kuchungulia ndani, 1995, ikafia njiani. Facebook wakanunua Oculus, watengenezaji wa miwani hizi, 2014 kwa takriban dola bilioni 2, na 2021 wakabadili hadi jina la kampuni kuwa Meta. Mwaka 2024 pekee kitengo chao cha miwani kilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 17! Apple nao wakaja na ya dola 3,499, zaidi ya nusu kilo usoni na betri inaning'inia kwa waya. Hawa hela wanayo. Tatizo ni kwamba watu hawataki kushinda na dude usoni.

Bi Shangazi: Mzee, kijana hajauliza ya majumbani. PS yenyewe wangapi wanayo nyumbani? Ndiyo maana banda lake linajaa. Asiyeweza kununua ndiye atakayelipa kuonja.

Kipusa wa Tabata: Kuonja ndiyo, kurudi je? Nimewahi kusimamia moja kwenye ukumbi wa michezo. Kwa joto la Dar, mteja wa tatu tu sponji imelowa jasho, tafuta kifuniko cha silikoni unachoweza kufuta. Chaji ni saa mbili na ushee, basi. Usiiache juani hata kidogo: jua likipenya kwenye lenzi linaunguza kioo cha ndani, na lile doa halitoki. Wengine wanapata kichefuchefu, macho yanaona mwendo na mwili umesimama. Waanzishie gemu ya Beat Saber, mtu anakata maboksi akiwa palepale. Ila shida kubwa ni benchi. Mpira wa PS wanacheza wawili, kumi wanazomea na kusubiri zamu. VR anaona mmoja, hao kumi wanaondoka. Lazima urushe picha kwenye TV.

Mtoto wa Rangi Tatu: Hilo la benchi sikuliwaza kabisa. Nafasi je? Kutoka kiti hadi TV ni kama mita moja.

Kipusa wa Tabata: Haitoshi, atampiga mtu ngumi. Inatakiwa kama mita mbili kwa mbili pakiwa peupe. Hapo utatoa TV moja, pengine mbili.

Mzee wa Soketi: Basi piga hesabu hizo TV zinakuingizia shilingi ngapi Jumamosi, halafu ndiyo umjibu shemeji.