Simu za nyumbani kwa Linux na Asterisk, nani ashajaribu? Tupeane uzoefu

Kibokoni_Juu

Asalam aleikum jamani. Nimefungua uzi huu sababu mafunzo mengi ninayoyapata ni ya watu wenye maofisi, stima yao haipotei na intaneti haikatiki. Nataka kusikia nyinyi wenzangu wa Mombasa mlioinstoli wenyewe majumbani, mlianzaje na mliharibikiwa wapi.

Yangu ni hii. Twakaa Kibokoni nyumba ya zamani ya ghorofa tatu, kuta za matumbawe na chokaa, unene wake kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko, waifai ya chini haifiki juu hata rauta uiweke ngazini. Mamangu yuko juu, magoti yamsumbua mwaka wa pili sasa, akitaka maji ama dawa alikuwa agonga sakafu kwa mkongojo na duka likiwa na wateja hatumsikii. Simu ya mkono anayo lakini kioo cha kugusa hakimtii, vidole vimekauka. Basi nikachukua kompyuta ya mtumba, nikaweka Debian, aina moja ya Linux, na juu yake Asterisk, ile programu inayoifanya kompyuta iwe mtambo wa simu (Debian 12 hawakuiweka kwenye hazina yao kwa hivyo niliijenga mwenyewe kutoka msimbo wake wa chanzo, ilinichukua jioni nzima), nikapitisha kebo kwenye tundu la zamani la waya wa antena, huko juu nikamwekea ile adapta ndogo ya kuunganisha simu ya mezani na netiwaki, nikachomeka simu yenye vibonyezo vikubwa. Yeye ni 101, jikoni 102, duka 103. Siku ya kwanza alinipigia dukani mara sita kuniuliza kama nasikia. Hakuna kredo hakuna bando, hata intaneti ikikatika hizi za ndani zaendelea tu.

Shida ni kakangu aliye Mtwapa. Nimemwekea Linphone, programu ya kupiga simu kwa intaneti, yuaingia nyumbani kwa WireGuard, ile njia ya siri (VPN) ya kufika netiwaki ya nyumbani, namba yake 110. Akimpigia mama simu yalia, mama ashika, ile "halo" ya kwanza yasikika, halafu kimya pande zote mbili, na laini wala haikatiki, dakika zahesabika tu. Siku ya tatu leo natafuta.

Fundi_wa_Tudor

Mashallah, mama kupiga duka kutoka kitandani hiyo peke yake yatosha. Jawabu lako sina hakika nalo nawaachia wengine, ila nikueleze langu kabla halijakupata.

Mie nilitaka kupiga simu ya nyumbani nikiwa kazini bandarini, nikafungua mlango 5060, ule unaopitisha simu za intaneti, kwenye rauta ukawa wazi kwa dunia nzima. Namba 100, na paswadi yake nayo 100. Nilikuwa na akaunti kwa kampuni moja ya simu za intaneti yenye salio la dola 20, nikaiunganisha humo humo. Nikaenda kulala. Asubuhi nafungua logi naona mistari haina mwisho, kuna programu za wezi zazunguka intaneti usiku na mchana zikibisha hodi 5060 ya kila mtu, zajaribu 100, 101, 102, na paswadi nyepesi nyepesi. Yangu ilipatikana. Salio lote lilikwenda kwa simu za nchi ambazo sina hata mtu wa kumsalimia, moja baada ya nyingine kati ya saa nane na saa kumi usiku. Na nashukuru ni 20, kwani pale palikuwa na kitufe cha kujiongeza salio lenyewe kutoka kwa kadi ya benki, nilikuwa sijakiwasha.

Tangu siku hiyo mlango umefungwa, atakaye kuingia aje na WireGuard kama huyo kakako. Iko ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, tangu toleo 5.6 la 2020, na uzuri wake mtu asiye na ufunguo akibisha haijibu kitu, hajui hata kama pana mlango. Pia simu za ndani ziweke kwenye konteksti (kundi la namba zinazoruhusiwa kupigwa) isiyo na njia yoyote ya kwenda nje. Hata mtu akiingia atapigia jikoni tu.

Bamburi_Chumvi

Mie adui yangu hakuwa mwizi, ni stima na bahari. Nilianza na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, na kadi ya memori. Stima huku yapotea na kurudi mara mbili tatu kwa dakika moja, siku moja ikarudi na Pi haikuwaka tena, kadi imeoza katikati ya kuandika logi. Sasa mfumo uko kwenye SSD, na Pi, rauta na swichi zote tatu ziko kwenye betri moja. Zote tatu nasisitiza, mwanzo niliweka Pi peke yake, stima ikazima, seva iko hai lakini haina wa kuongea naye.

Na waya za simu jamani. Nyumba yangu yaangalia bahari, baada ya miezi kama minane simu ya barazani ikaanza kukwaruza, nikafikiri ni programu nikabadilisha mipangilio usiku kucha. Kumbe nilipochomoa ile plagi ndogo ya simu, vile viwaya vinne vya shaba vimefanya kijani kama sarafu iliyotupwa kisimani. Nilikata, nikafunga plagi mpya, sauti ikarudi safi. Anzeni na plagi kwanza.

Mwalimu_Likoni

Nami nichangie kuhusu bando, sababu wengi hapa tuko kwenye intaneti ya laini ya simu. Kodeki, yaani njia ya kufunga sauti, ya G.711 ni kilobiti 64 kwa sekunde, lakini kila pakiti yabeba na vichwa vyake (anwani na maelezo ya safari) ikafika kama 87, kwenda na kurudi ni karibu MB 1.3 kwa dakika. Saa nzima ni MB 78 hivi, na WireGuard yaongeza kidogo juu yake. Ndani ya nyumba tumia hiyo hiyo G.711 sauti ni nzuri sana, ila kwa aliye nje kwa bando kodeki ya GSM ni kilobiti 13 tu kabla ya vichwa, sauti yapungua utamu lakini maneno yote wayapata.

La pili, angalieni mwaka wa mafunzo mnayofuata. Mengi bado yafundisha sip.conf, faili la mipangilio la chan_sip, ile sehemu ya zamani ya Asterisk ya kushughulikia simu, na chan_sip imetolewa kabisa tangu Asterisk 21, siku hizi ni PJSIP. Nilipoteza wikendi mbili hapo, nanakili mistari ambayo seva haiisomi kabisa.

Na msione haya kutumia kompyuta ya mtumba. Asterisk yenyewe ilianza 1999 kwa Mark Spencer huko Marekani, alikuwa na kikampuni cha kusaidia watumiaji wa Linux, mtambo wa simu wa ofisi ukamshinda bei, akaandika wake kisha akauachia kila mtu kwa leseni huria ya GPL. Mie nikifikiria hivyo napata nguvu, sababu sisi tunaotumia leo ndio yule yule aliyeshindwa na bei.

Changamwe_Konsoli

Kibokoni, yako naijua nilikaa nayo wiki. Seva yako ikiona simu mbili zimeshaungana yaziambia ongeeni wenyewe kwa wenyewe, mie nakaa pembeni. Simu ya kaka yaambiwa peleka sauti kwa 192.168 ya mama, yaani anwani yake ya ndani ya nyumba, na WireGuard yake haijui njia ya kufika huko. Adapta ya mama nayo yapelekwa kwa anwani ya kaka ya ndani ya WireGuard, rauta yenu haiijui vilevile. Ndiyo maana "halo" ya kwanza yasikika, wakati ule sauti bado yapita kwa seva. Ingia pjsip.conf, faili la mipangilio ya PJSIP, kwenye 101 na 110 zote mbili weka direct_media=no, sauti ipite kwa seva daima, halafu andika pjsip reload kwenye konsoli ya Asterisk isome upya. Usiguse kitu kingine kwanza.

Kibokoni_Juu

Wallahi mstari mmoja! Nimeweka kwenye zote, nikampigia kaka nikamwambia piga sasa hivi, mie nikapanda juu kusimama mlangoni. Mama akashika kwa mikono miwili, "halo", kimya kidogo moyo wangu ukaruka, kumbe kaka ndiye alikuwa ashindwa kusema. Wameongea dakika arubaini, mpaka habari za bei ya samaki. Shukran sana Changamwe, na Fundi paswadi zote nimezibadilisha usiku huu huu.

Sasa mama ataka khalati wa Lamu naye awekwe. Nimempa 111. Yeye pia ataka simu ya mezani, ana rauta ya laini tu, ile adapta itaweza WireGuard yenyewe?

Changamwe_Konsoli

Hizo ndogo nyingi haziwezi. Tafuta rauta ya mtumba inayokubali OpenWrt, mfumo wa Linux wa rauta, WireGuard ikae humo, adapta uichomeke nyuma yake. Mpangilie kila kitu hapo hapo kwako na umjaribishe na mama kwanza, kisha ndio umpelekee khalati ikiwa tayari, achomeke tu. Na PersistentKeepalive ya WireGuard, ya kutuma ishara kila baada ya sekunde kadhaa njia isifungwe, iwe 25 usisahau, la sivyo yeye atapiga sawa lakini mkimpigia nyinyi haitalia.