Kompyuta ya steshenari bado ni Windows 7: je, siri za wateja ziko salama zaidi humo?

Mwenye Steshenari:
Ndugu zangu, habari za jioni. Nina duka dogo la steshenari hapa Tanga, na kompyuta yangu ya mezani, yenye RAM ya GB 4, inatumia Windows 7 tangu nilipoinunua. Kazi zake ni kuchapa barua, kuskani vyeti na vitambulisho vya taifa, na kuwajazia wateja maombi mtandaoni. Fundi mmoja alitaka kunipigia Windows 10, huku akikiri kwamba nayo imeshapitwa na wakati na kwamba Windows 11 haitaikubali mashine hii. Kinachonizuia ni kwamba nasikia mifumo hiyo mipya humchungulia mtumiaji na kupeleka habari zake Microsoft, ilhali ya zamani imekaa kimya. Je, ni kweli?

Fundi Mkongwe:
Mkuu, hofu yako ina msingi, ila umeielekeza upande mmoja. Windows 10, iliyotoka Julai 2015, hupeleka Microsoft taarifa za uchunguzi, yaani za jinsi kompyuta inavyofanya kazi na kutumika, na katika toleo la nyumbani mipangilio yake inakuruhusu kuzipunguza, si kuzizima kabisa. Mwaka 2016 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Ufaransa, CNIL, iliionya rasmi Microsoft kwamba inakusanya kupita kiasi, na shauri likafungwa mwaka uliofuata baada ya kampuni kupunguza. Lakini hata hiyo Windows 7 haikuwa bubu, kwa sababu mwaka 2015 ililetewa masasisho, mojawapo KB3068708, yaliyoipa ukusanyaji wa namna hiyohiyo.

Zito zaidi ni kwamba tangu tarehe 14 Januari 2020 Windows 7 haizibiwi tena matundu ya usalama bure. Kirusi cha WannaCry kilipozagaa Mei 2017, mashine nyingi zilizofungiwa faili na kudaiwa fidia zilikuwa za Windows 7 ambazo wenyewe hawakuweka kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, kilichotolewa Machi. Wakati ule kiraka kilikuwepo. Tundu likigundulika leo, wewe hutaletewa chochote. Umeziba dirisha ili jirani asichungulie, na mlango wa uani umeuacha bila komeo.

Binti wa Pangani:
Nakubaliana na Fundi kuhusu matundu, ila tusimwoneshe mwenzetu kana kwamba upya ndio usalama. Windows 11 ya nyumbani sasa hudai intaneti na akaunti ya Microsoft unapoiwasha mara ya kwanza, na Mei 2024 kampuni ilitangaza Recall, kitu cha kupiga picha za kioo kila baada ya muda mfupi ili uweze kutafuta ulichokiona zamani. Kelele zilipokuwa nyingi, ikaahirishwa na kufanywa ya hiari, tena kwa kompyuta za aina maalumu tu. Na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, hivyo kuipiga leo ni kununua muda mfupi.

Mimi pia nina steshenari. Siku moja mteja alichomeka flashi, nikamfungulia folda ya skani, na faili la kwanza kutokea kwenye kioo lilikuwa kitambulisho cha mkwewe. Nilitamani ardhi inimeze, na hapo Microsoft haikuhusika hata kidogo. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo haituulizi tunatumia Windows ipi.

Ushauri wangu, kaka: Windows 7 ichomolewe intaneti ibaki ya kuchapa na kuskani, na kazi za mtandaoni zifanyike kwenye Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao ni bure na haudai akaunti.

Mwenye Steshenari:
Ahsanteni sana. Dada, kompyuta ninayo moja tu, na printa yangu ni ya zamani, Mint itaitambua?

Binti wa Pangani:
Basi iweke Mint kwenye flashi, uwashe kompyuta kutokea humo bila kugusa kilichomo ndani, kisha uchape ukurasa mmoja na kuskani mwingine. Printa ikigoma, unachomoa flashi na Windows yako iko palepale.

Mwenye Steshenari:
Nitajaribu Jumapili, duka likiwa limefungwa. Jioni hii nimefungua folda ya skani na kukuta vyeti vya watu tangu 2019, vingine vya wateja walioshahama mji. Nimeanza kufuta.