Utomvu wa kariaria kwa kidonda cha sikio: kuna aliyejaribu?

Mama Wawili, Umoja
Hamjambo wenzangu. Kaka yangu ana ualbino, na ni fundi cherehani. Anashonea kibarazani, jua la asubuhi lote linampiga upande wa kushoto. Tangu Aprili ana kidonda juu ya sikio hilo. Kinakauka, kinafanya gamba, usiku gamba linabaki kwenye foronya, asubuhi ni damu tena. Sasa mzee mmoja wa miti shamba kamuuzia kichupa cha utomvu wa kariaria, huu huu mmea wa kuzungushia ua wa nyumba, shilingi mia tatu. Anasema wazungu wametengeneza dawa ya saratani ya ngozi kwa mmea wa jamii hiyo. Ni kweli ama tunaliwa pesa?

Mfamasia
Dada, mzee hakudanganya, amekatiza hadithi katikati. Dawa ilikuwepo: ingenoli mebuteti, kutoka utomvu wa Euphorbia peplus, kigugu kidogo cha jamii moja na kariaria. Marekani waliiidhinisha 2012, tena si ya saratani yenyewe bali ya magamba ya jua yanayoweza kugeuka saratani. Ya usoni ilikuwa jeli ya asilimia 0.015, siku tatu basi. Mwaka 2020 ikaondolewa sokoni huko Ulaya, kwa hofu kwamba inaongeza saratani palepale inapopakwa. Na hiyo ni ile iliyopimwa! Kichupa cha mzee kina asilimia ngapi?

Otis
Nyanya yangu alirukiwa na tone moja jichoni akikata ua wa kariaria. Siku tatu haoni kitu.

Msafiri wa Rongai
Msitukane mimea lakini. Mimi nilikuwa na saratani ya Kaposi, madoa ya zambarau miguuni hadi viatu havinitoshi. Nilitundikiwa dripu ya dawa ya saratani, paklitakseli, iliyogunduliwa kwenye gome la mti wa huko Marekani. Nywele zilikwisha, madoa nayo yakafifia. Ila kabla ya tone la kwanza walikata kinyama wakapima. Huyo kaka amekatwa?

Mama Wawili, Umoja
Hakuwa amekatwa. Na nikiri, alikuwa ameshapaka mara mbili kabla sijaandika hapa, sikio likavimba kama andazi. Jana tumeenda kliniki ya ngozi, wamechukua kipande kama punje ya mchele, majibu ni wiki mbili. Kichupa daktari amebaki nacho. Kaka hasemi mengi. Tangu jana jioni anajishonea kofia ya ukingo mpana, kwa kipande cha kitenge cha mteja.