Naomba ushauri: kinu, mchi na mume kibyongo

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanizungusha kichwa wiki ya tatu sasa.

Nasoma Therigatha, mashairi ya watawa wa kike wa mwanzo wa Ubuddha, India ya kale. Yako kwa Kipali, lugha nisiyoijua, hivyo nategemea tafsiri za Kiingereza. Ubeti wa Mutta umeninasa: anafurahia kuwa huru na vitu vitatu vilivyopinda, kinu, mchi na mumewe kibyongo. Nilicheka, kisha nikamkumbuka bibi alivyokuwa akiinama kutwanga, nikanyamaza.

Nataka kuutia Kiswahili, ila tafsiri zenyewe hazipatani. Rhys Davids (1909) ameweka jiwe la kusagia na kinu; Norman (1971) kinu na mchi. Nimemfuata Norman, maana kwetu kinu na mchi haviachani. Ya Weingast ya 2020 nimeiweka kando, wajuzi wa Kipali walishasema yale ni mashairi yake mwenyewe.

Sasa swali: nifunge kwa vina na mizani 16, au niache huru? Nilipojaribu vina, "kibyongo" ilinilazimisha kuleta "uongo", neno ambalo Mutta hakulisema.

Halafu kuna Ambapali, mtawa mwingine wa humohumo, na beti zake 19 za uzee. Nywele zilikuwa nyeusi kama nyuki, sasa kama nyuzi za katani, na kila ubeti unaishia kwa kibwagizo kilekile. Huyo naona utenzi ungemfaa. Au najidanganya? Waliowahi kutafsiri mashairi, nisaidieni.