Faini ya £70 kwa nafasi ya walemavu ambayo kibao chake kinatazama uani kwa watu, na pingamizi wamelikataa!

Wakuu salaam.

Naomba nitapike nyongo hapa maana nyumbani wameshachoka kunisikiliza. Niko Uingereza, huku Midlands, na kaunsili ya mji mmoja (jina naliweka kapuni, shauri bado liko mezani) imenikaba £70 kwa kosa namba 40, yaani kuegesha barabarani kwenye nafasi ya watu wenye ulemavu bila kuonyesha Blue Badge (ile kadi ya maegesho wanayopewa wenye ulemavu). Leo asubuhi imeingia barua ya pili ya kunikatalia. Eti "tumezingatia maelezo yako kwa makini na tumejiridhisha kuwa alama zilikuwa zikionekana vizuri."

Zikionekana na nani, malaika?

Ngoja niwaeleze hiyo nafasi ilivyo, halafu mniambie ningeiona kwa jicho gani.

Ni mtaa wa zile nyumba za matofali zilizobanana, magari yamejipanga pande zote mbili. Nilikuwa nakwenda msibani. Ilikuwa Novemba, saa kumi na moja jioni, giza limeshatanda na mvua ya huku ile ya rasharasha isiyokatika. Kwenye lami palitakiwa pawe na boksi la mistari meupe ya kukatakata, na neno DISABLED kwa herufi kubwa. Sasa kilichopo ni hiki: kuna watu wa gesi au wa maji walichimba mtaro ukakatiza hapo hapo katikati, wakafukia kwa lami mpya nyeusi tii, wakaondoka. Mtaro umemeza herufi za kati zote. Upande mmoja imebaki D na kipande cha I. Upande wa pili kuna kitu kama E isiyo na mkono wa juu na D iliyofutika tumbo. Mistari ya boksi imeliwa na matairi, yamebaki madoa kama chokaa iliyodondoka toka kwenye ndoo ya fundi. Lami ikilowa usiku, taa za barabarani zikipiga juu yake, hata hayo madoa huyaoni. Unaona mng'ao tu.

Haya, kibao. Kibao kipo, siwezi kusema uongo. Ila nguzo yake iligongwa na gari siku nyingi, ikageuka, sasa kinatazama uani kwa watu. Na mwenye ua ana mtambaa umepanda mpaka juu ya nguzo. Ukiwa barabarani unachoona ni mgongo wa kibao, bati la kijivu, na mgongo wa kibao hauna maneno. Ili ukisome inabidi uvuke ukuta mdogo, uingie kwenye eneo la mtu na ufunue majani kwa mkono. Nilirudi mchana nikafanya hivyo hivyo nikapiga picha, na vidole vyangu vinaonekana kabisa vimeshika matawi.

Sasa hapa ndipo pa kucheka. Kaunsili wana ukurasa ambao ukiingiza namba ya tiketi na namba ya gari unaona picha alizopiga askari wao wa pakingi. Nikaingia. Gari langu mbele, gari langu nyuma, ile bahasha ya plastiki chini ya waipa, dashibodi kuonyesha sina Blue Badge (ni kweli sina, wala sijawahi kudai ninayo). Halafu picha moja ya kibao. Kimejaa fremu nzima, kimemulikwa na flashi, kinasomeka safi. Nikakaribia kukata tamaa. Kisha nikaikuza. Wakuu, nyuma ya kibao inaonekana barabara, na paa la gari langu! Yaani mpiga picha amesimama ndani ya ua wa mtu, kibao kiko kati yake na gari, ndipo akapata picha nzuri. Na ya yale maandishi ya kwenye lami hakupiga hata moja. Mtu aliyekuja kukusanya ushahidi, chini ya miguu yake kuna neno zima la kunifunga nalo, akaliacha? Aliliacha kwa sababu halipo.

Hayo yote niliwaandikia, na picha nikaambatanisha. Hawakugusa hata hoja moja.

Kwa walioko nyumbani wasiojua mfumo wa huku: tiketi ikibandikwa unapewa siku 14 ulipe nusu, kwangu ni £35. Huo ndio mtego wenyewe. Grupu la WhatsApp la Wabongo wa hapa mjini walinishauri kwa kauli moja, lipa thelathini na tano yaishe, serikali haishindiki. Nikaandika pingamizi la awali ndani ya zile siku. Wakakataa, na kwa ukarimu wakanirudishia ofa ya nusu bei. Nikagoma. Ikaja karatasi inayoitwa Notice to Owner, inakwenda kwa aliyesajiliwa na gari, na hapo una siku 28 za kuweka pingamizi rasmi. Wao wana siku 56 za kujibu, wakizipitisha wanahesabiwa wamekubali. Walijibu mapema, kwa nini wachelewe wakati hawakuandika kitu kipya? Nimeziweka barua mbili sambamba. Aya zile zile, hata kosa la kuchapa la aya ya tatu limehamia kwenye barua ya pili. Huyo aliyezingatia kwa makini alizingatia kitufe cha kunakili.

Na msidhani nabishana kwa hisia tu. Kuna kanuni za 1996 za utaratibu wa amri za barabara kwa England na Wales. Kanuni ya 18 inamtaka aliyeweka amri aweke na alama za kutosha ili watumiaji wa barabara waijue hiyo amri. Za kutosha barabarani, siyo kwenye ramani ya ofisini. Amri inaweza kuwa halali kabisa, imesainiwa na kupigwa mhuri, lakini kama mimi dereva sikupewa njia ya kuijua, kosa linatoka wapi? Hili ndilo nimelishikilia tangu barua ya kwanza.

Najua kuna watakaokuja hapa na moto: "Unawanyang'anya walemavu nafasi yao halafu unalia." Tulieni. Kazi yangu mimi ni kuhudumia watu majumbani, wazee na wenye ulemavu, mwaka wa ngapi sasa. Najua kwa nini mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji mlango wa gari ufunguke wote, na najua inavyokuwa ukilazimika kumshusha katikati ya barabara magari yanapita. Kibao kingekuwa kinasomeka na bado nikaegesha hapo, ningestahili hiyo £70 na matusi juu.

Tena kuna mama mmoja mtu wa Mombasa, anaishi nyumba ya tatu kutoka hapo, ana Blue Badge kwa sababu ya nyonga. Nilipokuwa nafunua yale majani alitoka na fimbo yake kuuliza natafuta nini. Nikamwamkia, nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, kadi n'nayo, pahali pa kutia gari s'na. Kila siku wageni wa watu wanaegesha hapa, nami siwalaumu, wataonea wapi?" Amepiga simu kaunsili kuomba pachorwe upya mpaka amechoka. Askari wa pakingi anakuja, anabandika tiketi, anaondoka. Lile gari lenye tiketi linabaki pale pale, na mama anaegesha mtaa wa nyuma anatembea na nyonga yake kwenye mvua. Sasa niambieni, faini hiyo imemlinda nani? Amekubali kunipa maelezo ya shahidi kwa maandishi, Mungu ambariki.

Basi nikatumia Sheria ya Uhuru wa Taarifa ya 2000, inayowapa siku 20 za kazi kujibu. Niliuliza maswali mawili tu: mara ya mwisho mmekagua lini alama za hapo, na mkaguzi alisema nini. Nadhani kitengo kilichojibu hakijuani na kitengo cha faini, maana walitoa kila kitu. Mkaguzi wao wenyewe alipita kiangazi, miezi kabla sijaegesha mimi, akaandika kuwa maandishi hayasomeki na nguzo imegeuka, inahitaji kazi. Kazi ikawekwa kwenye foleni. Iko kwenye foleni hadi leo ninavyoandika! Juzi nimepita, mtaro ule ule, mtambaa umeongezeka. Yaani idara moja inaandika "haisomeki", idara nyingine ghorofa hiyo hiyo inaniandikia "inaonekana vizuri", na katikati askari anaendelea kubandika.

Wasiniambie hakuna pesa. Mwongozo wa serikali kwa kaunsili unasema wazi kuwa kukusanya mapato lisiwe lengo la kusimamia maegesho, na kwamba wasijiwekee malengo ya idadi ya tiketi. Na ziada inayopatikana imefungwa na kifungu cha 55 cha sheria ya usimamizi wa barabara ya 1984, itumike kwa mambo ya maegesho, usafiri na barabara. Sasa kama pesa yenyewe ni ya barabara, nchi iliyoanza kutoa kadi hizi kwa sheria ya 1970, zikiwa za rangi ya chungwa kabla ya kuwa za bluu mwaka 2000, inashindwa ndoo ya rangi nyeupe na fundi wa kunyoosha nguzo? Tiketi mbili za hapo zinatosha kulipa hiyo rangi na chai ya fundi.

Nimeshapeleka rufaa Traffic Penalty Tribunal, ndiko wanakokwenda wa nje ya London, wenyewe London wana chombo chao. Ni bure, mwamuzi si mtu wa kaunsili, na unaweza kufanya yote kwa mtandao. Nikishindwa nalipa £70 ile ile, nusu bei imeshakufa. Vielelezo vyangu: picha za mchana na za usiku, ile picha yao wenyewe yenye paa la gari langu, ripoti ya mkaguzi, maelezo ya mama, na picha za mtaa za Google ambazo zina tarehe. Za zamani zinaonyesha neno zima jeupe, za baadaye mtaro umeshapita.

Neno kwa mgeni aliyepata ya kwake: usiitie droo. Ukinyamaza inapanda kwa asilimia 50, £70 inakuwa £105, halafu inasajiliwa kama deni kwenye kituo cha mahakama cha Northampton na mwisho wanakuja madalali wa mahakama mlangoni na gharama zao. Na angalia nani kaitoa. Ya kaunsili na ya kampuni binafsi ya supamaketi zote zinaandikwa PCN, lakini ya supamaketi ni madai ya mkataba, rufaa yake inakwenda POPLA au IAS (vyombo vya rufaa za kampuni binafsi), na haya niliyoeleza ya Notice to Owner hayakuhusu.

Ninachoomba kwenu: aliyewahi kwenda mbele ya mwamuzi kwa kesi ya alama zilizofutika, alihojiwa nini? Nichague kusikilizwa kwa simu au niache waamue kwa maandishi? Kiingereza changu cha kuongea kinatosha, ila nikikasirika kinakimbia, na hawa jamaa wanajua kunikasirisha. Na je, naruhusiwa kumwita mama wa Mombasa aongee moja kwa moja kupitia mkalimani, au karatasi yake inatosha?

Wale wa "lipa tu yaishe" nawaheshimu sana, ila uzi huu mpite kimyakimya.